Kidole Kikishanyooshwa: Funzo la Salem kwa Familia za Kilifi

Katika vijiji kadhaa vya Kaunti ya Kilifi wapo wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi. Hawafanyi hivyo kwa urembo. Wanaficha mvi, kwa sababu mvi ambazo zamani zilimpa mtu heshima barazani sasa zimegeuzwa kuwa dalili ya uchawi. Wengine wameacha nyumba na minazi yao na kukimbilia Kaya Godoma, Ganze, ambako wazee wanaotuhumiwa uchawi wamekuwa wakipewa hifadhi. Na wapo ambao hawakuwahi kukimbia.

Mambo haya yakizungumzwa, wapo wanaosema ni mila ya hapa ambayo mgeni hawezi kuielewa, na wapo wanaosema ni aibu ya hapa ambayo mahali pengine haipo. Kauli zote mbili si kweli. Ulaya ilipitia msako wa wachawi kwa karne tatu, Marekani nayo ikaupitia, na kwa kuwa kesi nyingi zilisikizwa kortini, maneno ya walioshtaki na walioshtakiwa yaliandikwa na yamehifadhiwa hadi leo. Makala haya yanafuata kesi moja, ile ya Salem ya mwaka 1692, hatua kwa hatua. Kisha yanaonyesha pale ambapo hatua hizo hizo zinarudiwa leo, na pale ambapo mkazi wa kawaida anaweza kuzikata kabla damu haijamwagika.

Karne tatu za hofu Ulaya

Wanahistoria wanakadiria kwamba kati ya miaka ya 1450 na 1750, watu kati ya 40,000 na 60,000 waliuawa Ulaya kwa kosa la uchawi. Takriban watatu kati ya kila wanne walikuwa wanawake. Wengi wao hawakuuawa na makundi ya watu wenye hasira usiku. Walihukumiwa mchana, mbele ya mahakimu waliosoma, na makarani waliandika kila neno.

Mwaka 1628, katika mji wa Bamberg, Ujerumani, aliyekuwa meya, Johannes Junius, alikamatwa kwa tuhuma za uchawi. Kutoka gerezani alimwandikia binti yake Veronika barua iliyotolewa nje kwa siri, na barua hiyo ipo hadi leo. Alimweleza kwamba hana hatia, kwamba mikono yake imeharibiwa na mateso hata kuandika ni taabu, na kwamba mnyongaji mwenyewe alimsihi abuni jambo lolote la kukiri, kwa maana mateso hayangekoma mpaka aseme yeye ni mchawi. Junius akabuni. Alipokiri, akatakiwa ataje wenzake. Alipokosa wa kumtaja, akatajiwa mtaa mmoja baada ya mwingine na kuulizwa anamjua nani pale. Mwezi uliofuata akauawa, na majina aliyolazimishwa kuyataja yakabaki katika daftari la mahakama.

Barua hiyo inaonyesha jinsi orodha ya wachawi inavyorefuka. Haikurefuka kwa sababu wachawi walikuwa wengi. Ilirefuka kwa sababu kila aliyekamatwa alilazimishwa kutaja wengine. Mwaka 1631 padri Mjerumani, Friedrich Spee, alichapisha kitabu bila kutia jina lake, akaeleza kwamba kwa mateso ya aina ile mtu yeyote angekiri, hata hakimu mwenyewe.

Salem: kijiji chenye majonzi na ugomvi

Salem Village, mahali ambapo leo ni mji wa Danvers katika jimbo la Massachusetts, ilikuwa jamii ya wakulima chini ya utawala wa Uingereza. Mwanzoni mwa 1692 kijiji kilikuwa na mizigo mingi. Vita mpakani vilikuwa vimeleta wakimbizi. Ugonjwa wa ndui ulikuwa umepita katika nchi ile. Familia zilikuwa na kesi za mipaka ya mashamba. Wanakijiji pia walikuwa wamegawanyika juu ya mchungaji wao, Samuel Parris, wengine wakikataa kulipa kodi ya mshahara wake.

Mwezi Januari, Betty, binti wa mchungaji mwenye umri wa miaka 9, na jamaa yake Abigail Williams mwenye umri wa miaka 11, walianza kuugua. Walipiga kelele, walijikunja, walisema wanafinywa na kuumwa na mtu asiyeonekana. Daktari aliyeitwa hakuona ugonjwa anaoujua, akasema wasichana wamepatwa na mkono wa uovu.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mpaka siku ile swali lilikuwa: watoto hawa wanaumwa nini? Baada ya kauli ya daktari, swali likawa: nani anawaumiza? Swali la kwanza hujibiwa kwa dawa, uangalizi na subira. Swali la pili hujibiwa kwa jina la mtu.

Watatu wa kwanza

Tarehe 29 Februari 1692 hati za kuwakamata wanawake watatu zilitolewa. Inafaa kuwatazama mmoja mmoja.

Tituba alikuwa mtumwa katika nyumba ya mchungaji. Hakuwa na ukoo wa kumtetea wala mahali pa kwenda.

Sarah Good alikuwa maskini asiye na makao, akipita nyumba kwa nyumba kuomba chakula. Akinyimwa, aliondoka akinung'unika. Baadaye ng'ombe wa mtu akifa, manung'uniko yale yalikumbukwa kuwa laana.

Sarah Osborne alikuwa mgonjwa ambaye hakuwa ameonekana kanisani kwa muda mrefu. Lakini kulikuwa na jambo jingine. Mume wake wa kwanza alikuwa amefariki na kuacha shamba, na usimamizi wa wosia ulikuwa mikononi mwa jamaa zake wa ukoo wa Putnam. Mjane huyo aliolewa tena, na shamba likawa na ugomvi. Thomas Putnam alikuwa miongoni mwa wanaume waliopeleka malalamiko yaliyosababisha akamatwe.

Mtumwa, ombaomba, na mjane mwenye ugomvi wa ardhi. Hofu ilikuwa ya kijiji kizima, lakini kidole hakikunyooshwa ovyo. Kilimwendea asiye na wa kumtetea, na yule aliyekuwa na kitu ambacho wengine walikitaka.

Osborne alifia gerezani mwezi Mei. Good alinyongwa mwezi Julai. Binti yake Dorothy, mwenye umri wa takriban miaka 4, alifungwa minyororo na kukaa gerezani kwa miezi kadhaa, naye pia kwa tuhuma za uchawi.

Ushahidi usioweza kupingwa

Mahakama ya Salem ilikubali ushahidi wa kivuli. Maana yake ni kwamba aliyeshtaki angeweza kusema roho ya mshtakiwa ilimjia usiku ikamfinya, na hilo likahesabiwa kuwa ushahidi. Mshtakiwa akisema alikuwa nyumbani amelala na mashahidi wapo, haikumsaidia. Alijibiwa kwamba mwili ndio uliokuwa nyumbani, lakini roho ilikuwa imetoka. Akikana, kukana kwake kulionyesha moyo mgumu. Asipolia, alionekana hana utu. Hakukuwa na jibu lolote ambalo lingemwokoa mtu mkweli.

Rebecca Nurse alikuwa bibi wa takriban miaka 71, mwenye usikivu hafifu, anayeheshimika kanisani. Majirani 39 walitia sahihi karatasi ya kumtetea. Baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia. Kelele zikazuka kortini, wazee wakarudishwa wafikirie upya neno moja alilokuwa amelisema. Alipoulizwa alimaanisha nini, hakusikia swali, akanyamaza. Kimya chake kikachukuliwa kuwa jibu. Alinyongwa tarehe 19 Julai. Ukoo aliozaliwa nao ulikuwa na ugomvi wa mipaka na ukoo wa Putnam.

Kufikia mwisho wa Septemba, wanawake 14 na wanaume 5 walikuwa wamenyongwa. Giles Corey, mzee wa takriban miaka 80 aliyekataa kujibu mashtaka, alikandamizwa kwa mawe mazito mpaka akafa. Wengine wasiopungua 5 walifia gerezani. Zaidi ya watu 150 walishtakiwa. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba waliokiri na kushikilia maungamo yao hawakunyongwa. Walionyongwa ni wale waliokataa kusema uongo juu ya nafsi zao.

Msako ulivyokoma

Msako ulipunguza kasi ulipoanza kuwagusa wakubwa. Watu wa mali na vyeo walitajwa, na hatimaye mke wa Gavana William Phips pia. Wakati huo huo viongozi wa dini walianza kuhoji ushahidi wa kivuli. Mchungaji Increase Mather aliandika kwamba ni afadhali washukiwa kumi wa uchawi waponyoke kuliko mtu mmoja asiye na hatia kuhukumiwa. Oktoba 1692 gavana aliivunja mahakama ile. Januari 1693 mahakama mpya ilianza kazi, na ushahidi wa kivuli ukakataliwa. Karibu kila aliyefikishwa mbele yake aliachiliwa, na wale watatu waliopatikana na hatia hawakunyongwa.

Hapa ndipo penye funzo kuu la Salem. Kati ya Septemba na Januari, watu wa Massachusetts hawakuacha kuamini kwamba uchawi upo. Imani yao ilibaki ile ile. Kilichobadilika ni kanuni moja tu: kwamba mtu hawezi kuuawa kwa jambo ambalo hakuna awezaye kulithibitisha. Kanuni hiyo moja ilitosha kukomesha mauaji.

Majuto yalikuja baadaye. Mwaka 1697 hakimu Samuel Sewall alisimama kanisani Boston huku mchungaji akisoma mbele ya watu wote maneno yake ya kukubali lawama. Wazee wa mahakama nao walitia sahihi kuomba msamaha. Mwaka 1706 Ann Putnam, aliyekuwa msichana mdogo aliposhtaki watu wengi, aliomba msamaha kanisani, akikiri kwamba walikuwa watu wasio na hatia. Mwaka 1711 serikali ya Massachusetts ilifuta hukumu nyingi na kulipa familia fidia. Lakini Elizabeth Johnson alisahauliwa. Jina lake lilisafishwa mwaka 2022, baada ya juhudi za wanafunzi wa shule moja na mwalimu wao. Kumtaja alichukua mtu dakika moja. Kumsafisha kulichukua miaka 329.

Hatua tano zinazojirudia

Ukiondoa majina na tarehe, msako wa Salem ulikwenda kwa hatua tano:

1. Msiba unatokea na hakuna anayeuelewa: ugonjwa, kifo cha ghafla, mvua kukosekana, biashara kuanguka.
2. Swali linageuka kutoka "nini kimetokea?" kuwa "nani amefanya?"
3. Jina linachaguliwa, na mara nyingi ni la mnyonge au la mtu mwenye mali inayotamaniwa.
4. Ushahidi unaotolewa hauwezi kupimwa, na kukana kunahesabiwa kuwa kukiri.
5. Wanaojua ukweli wananyamaza, wakihofia kwamba atakayemtetea mshukiwa ndiye atakayetajwa kesho.

Hatua hizo nchini Kenya

Mwezi Mei 2008, katika eneo la Kisii, watu 11, wengi wao wanawake wazee, waliteketezwa kwa moto wakidaiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021, katika eneo la Marani, Kaunti ya Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa kwa madai hayo hayo. Katika Kilifi, mauaji ya wazee yameripotiwa mwaka baada ya mwaka, mara nyingi mzee mmoja mmoja, usiku, akiwa nyumbani kwake.

Polisi, viongozi wa kijamii na familia zilizofiwa wamesema mara kwa mara kwamba nyuma ya tuhuma nyingi kuna ardhi. Mzee ndiye anayeshikilia shamba la ukoo. Vijana wanataka ligawanywe au liuzwe, bei ya ardhi imepanda, na mnunuzi anasubiri. Mzee anakataa. Kisha mtoto anaugua, au gari linapinduka, na jina la mzee linaanza kunong'onwa. Wakati mwingine linatokana na mganga aliyepiga ramli, wakati mwingine na ndoto ya mtu, wakati mwingine na maneno ya matangani. Hakuna anayesema wazi kwamba anataka shamba. Wanasema wanataka kuuondoa uchawi mjini.

Upo msemo unaotumika sana wakati kama huo: "Lisemwalo lipo." Msemo huo ni mzuri kwa kutega sikio, lakini si ushahidi. Kwa Sarah Osborne kilichosemwa kilikuwa uchawi, na kilichokuwepo ni ugomvi wa shamba la mirathi.

Magonjwa yanayosingiziwa uchawi

Hatua ya kwanza ya msako huanzia kwenye msiba usioeleweka, kwa hivyo kila ugonjwa unaoeleweka unaokoa maisha mara mbili: ya mgonjwa, na ya yule ambaye angesingiziwa.

Degedege kwa mtoto mdogo huletwa mara nyingi na homa kali, na malaria kali ni mojawapo ya sababu zake. Mtoto anakakamaa, macho yanageuka, na wazazi wanaingiwa na hofu. Anahitaji kufikishwa hospitali mara moja.

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Kuna dawa za kuudhibiti, na wagonjwa wengi wanaozimeza bila kukatiza hukaa muda mrefu bila kuanguka.

Presha na kisukari huweza kukaa mwilini kimya kwa miaka. Mtu anayeonekana mzima anaweza kupata kiharusi na kufa kwa siku moja. Kifo hicho ni cha ghafla kwa waliokitazama, lakini ugonjwa ulikuwepo muda mrefu.

Ugonjwa wa kusahau uzeeni ndio hatari zaidi kwa mzee mwenyewe. Ubongo unapodhoofika, mzee anaweza kutoka usiku asijue aendako, akazungumza peke yake, akavua nguo, akaingia boma la jirani akidhani ni lake. Asubuhi watu wanasema wamemkamata mchawi. Waliyemkamata ni mgonjwa aliyepotea njia.

Familia ambayo haijaridhika na sababu ya kifo ina haki ya kuomba maiti ichunguzwe na daktari kabla ya mazishi. Jibu la daktari linaweza kuuma, lakini linafunga mlango ambao uvumi ungepitia.

Msako wa siku hizi kwenye simu

Zipo tuhuma ambazo hazitaji uchawi lakini hufuata njia ile ile. Nchini Marekani, kuanzia Februari 1950, Seneta Joseph McCarthy alidai ana majina ya wakomunisti waliojificha serikalini. Watu wengi walipoteza kazi katika miaka ile kwa kutajwa tu, na aliyekataa kuwataja wenzake alionekana naye ana hatia. Mwaka 1953 Arthur Miller aliandika mchezo wa kuigiza kuhusu Salem, na watazamaji walielewa mara moja kwamba unazungumzia siku zao. Desemba 1954 Seneti ilimkemea McCarthy rasmi.

India, mwaka 2018, ujumbe ulisambaa kwenye WhatsApp ukidai kuna wezi wa watoto wanaozunguka vijijini. Zaidi ya watu 20 waliuawa na makundi ya watu, wengi wao wakiwa wageni waliopita njia au kuuliza jambo. Kampuni hiyo ikapunguza idadi ya mazungumzo ambayo ujumbe unaweza kutumwa kwa mara moja. Hatua hiyo haikuzuia uvumi, lakini ilipunguza mwendo wake, na katika mambo haya mwendo ni jambo kubwa. Salem ilichukua wiki kadhaa kutoka maradhi ya watoto hadi kukamatwa kwa watu watatu. Picha ya mtu yenye maneno "huyu ndiye" huzunguka wadi nzima kabla chai haijapoa.

Sheria inasemaje

Katiba ya Kenya, Kifungu cha 26, inalinda haki ya kila mtu ya kuishi. Kifungu cha 50 kinasema mshtakiwa huhesabiwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 57 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa familia na serikali.

Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, iliyopo tangu 1925, inafanya kuwa kosa kumtuhumu mtu au kutishia kumtuhumu kuwa mchawi, isipokuwa malalamiko yanapopelekwa kwa wenye mamlaka kama polisi au chifu. Kwa hivyo mwenye hofu ana mahali pa kuipeleka. Kuitangaza matangani, sokoni au kwenye kikundi cha simu si mahali pake, na kunaweza kumfikisha kortini.

Kundi halina kinga. Chini ya Kanuni ya Adhabu, watu wanaoungana kwa nia moja kutenda kosa huhesabiwa wote wamelitenda. Aliyeshika panga, aliyeonyesha nyumba na aliyelinda njia wanaweza wote kushtakiwa kwa mauaji.

Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 96, inasema anayemuua mtu hana haki ya kugawiwa mali ya aliyemuua. Vijana wote wanaoambiwa kwamba mzee ndiye kizuizi cha shamba wanafaa kukijua kifungu hiki. Njia hiyo haimpi mtu shamba. Inampeleka gerezani, na shamba linabaki kwa wengine.

Mahali pa kuukata mnyororo

*Kwa mwenye msiba:* Kuuliza kwanza daktari. Kuomba cheti kinachoonyesha sababu ya kifo. Kutokubali jina lolote litajwe matangani, hata kwa mafumbo.

*Kwa familia yenye shamba la ukoo:* Kuzungumza juu ya mgao mzee akiwa hai na mwenye akili timamu, mbele ya mashahidi wa pande zote, wake na mabinti wakiwemo, na kuandika makubaliano. Ugomvi ukizidi, upo uamuzi wa wazee wa ukoo, ipo ofisi ya chifu, na ipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Malindi.

*Kwa jirani:* Kumtembelea mzee anayeishi peke yake. Mzee anayejulikana kuwa na watu ni vigumu zaidi kushambuliwa. Akisikia jina la mzee likinong'onwa, amwambie naibu chifu siku hiyo hiyo, asingoje tishio liwe wazi. Palipo na hatari ya haraka, polisi wanapatikana kwa kupiga 999 au 112.

*Kwa mwenye simu:* Kutosambaza picha au sauti inayomtaja mtu kuwa mchawi au mwizi wa watoto. Aliyeupokea ujumbe ana uwezo wa kuufanya uishie kwake.

*Kwa viongozi wa dini na wazee wa kaya:* Kusema mapema, kabla umati haujakusanyika. Maneno ya Increase Mather yalikuja Oktoba, baada ya watu 19 kunyongwa. Yangesemwa Machi, huenda Rebecca Nurse angekufa kwa uzee.

Maswali ya kujadili barazani, shuleni au kwenye kikundi

1. Watatu wa kwanza kutuhumiwa Salem walikuwa nani, na watu wa namna hiyo kijijini leo ni akina nani?
2. Majirani 39 walimtetea Rebecca Nurse kwa maandishi na bado akanyongwa. Je, walifanya kazi bure? Wangeweza kufanya nini zaidi?
3. Mtu anaweza kuamini kwamba uchawi upo na bado akakataa kumdhuru jirani yake. Anaweza kuwaeleza vipi wenzake msimamo huo?
4. Jina la mzee likitajwa kwenye mazishi wiki hii, nani katika mtaa huu angekuwa wa kwanza kuuliza, "Ushahidi uko wapi?"

Kikundi kikishindwa kumpata mtu wa kumtaja katika swali la nne, inafaa wanachama wake wakubaliane siku hiyo hiyo nani atakayeuliza.